Mama Amemnunia Marehemu

Mpendwa Mama Chiku, shikamoo, naomba msaada wako na naomba unisome mpaka mwisho hata kama nitazungukazunguka, maana jambo hili sijui nilianzie wapi, nikisema nakosa na nikinyamaza nakosa, na watu wote ambao ningewauliza wamo humo humo ndani yake.

Naitwa Kristina, ninaishi Makorora hapa hapa Tanga na mama mkwe wangu, mtaani wanamwita Mama Mathew kwa jina la mwanawe mkubwa, ni Mchaga wa Rombo aliyeletwa Maramba na mumewe aliyekuja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, mzee akafia huko, na miguu ya mama ilipoanza kumsumbua, mume wangu Lucas akamleta mjini tukae naye, na kwa kweli Mama Chiku sijawahi kujuta kukaa naye, amenilea kama mtoto wake, hata uzazi ulipochelewa hakunitolea neno baya hata siku moja.

Lucas alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo, zile kubwa zinazozunguka dunia nzima, na Krismasi nyingi alizila baharini. Kwetu sisi Krismasi ni machalari ya mama, ndizi za Maramba zinapikwa na nyama ya mbuzi mpaka zinalegea, na mbavu za kuchoma, na pilau ambayo mama alifundishwa na jirani yetu Bi Kijakazi, na mbuzi tunamwomba Mzee Uweso, mume wa Bi Kijakazi, atuchinjie ili na wao wale bila wasiwasi, nao hutuletea mkate wa sinia. Na baada ya kula tunasubiri Lucas atume ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, atuambie kule alipo amepika nini, kwa sababu mabaharia wametoka nchi mbalimbali na kila mmoja siku hiyo anataka chakula cha kwao, basi mama anasikiliza anacheka, "Samaki siku ya Krismasi! Maskini, mbuzi hawana?" Mwaka mmoja Lucas alitusimulia kwamba Wapolandi mkesha wa Krismasi hawagusi nyama, wanakula samaki na supu nyekundu, na wanaacha kiti kimoja na sahani moja kwa ajili ya mgeni atakayetokea, na mama jambo hilo lilimwingia sana, tangu hapo kila Krismasi anamwekea Lucas sahani yake, na mimi ndiye ninayempakulia.

Mama Chiku, mwezi wa tisa meli yake ilipigwa na dhoruba ikazama. Wengine waliokolewa, mume wangu hakuonekana, wala mwili haukupatikana mpaka leo. Wakala wa meli alimpigia shemeji yangu Mathew, ambaye anafanya kazi ofisini Raskazone, naye akaja kwa bajaji akanikuta nafua uani, hakuingia hata ndani, akaniambia pale pale kwenye beseni, na kabla sijafungua mdomo akanishika mabega akasema, "Shemeji, usilie. Mama asisikie. Ukilia utamuua." Kwa sababu mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, presha ilimpanda akapata kiharusi kidogo, mdomo ulikuwa umeenda upande na mkono wa kushoto hauna nguvu. Nikameza. Nikasema sawa, akipata nafuu tutamwambia. Bi Kijakazi tulimwambia, na watu wa jumuiya yetu ya kanisani, na wote wakaombwa wafunge midomo, na wamefunga kweli kweli, wakija kumwona mama wanazungumzia mvua na bei ya nazi, na mimi wananiangalia pembeni.

Basi sikuvaa nguo nyeusi, sikukaa kwenye mkeka, hakuna aliyeniletea hata sukari ya msiba. Nimeendelea kusuka nywele, mama mwenyewe ananihimiza, "Mbona umekonda hivyo? Mwenzio atarudi akukute umekwisha." Kila nikimuuliza Mathew anasema bado, kwanza tusubiri mwezi uishe, halafu akasema tusimharibie Krismasi.

Krismasi ikafika. Mama alikuwa ameshapata nguvu ya kusimama, akasimamia machalari mwenyewe, akawa anaonja chumvi kwa mkono mmoja, na ana raha kwa sababu Lucas alimwahidi kwamba Krismasi hii angeomba likizo aje, akawa anasema labda atatushtukiza mlangoni. Akaniambia, "Kristina, mpakulie mwenzio." Nikampakulia. Mama Chiku, nilichukua upawa nikampakulia marehemu ndizi na mbavu nikamwagia na mchuzi, na wote mezani wanajua isipokuwa yeye, na Mathew akainamia sahani yake kama mtu anayetafuta mfupa.

Tulipomaliza kula mama akaanza kuulizia simu. "Mbona hajatuma? Hata kama haji, si atume sauti?" Akaanza kuhema, akashika kifua, Mathew akaogopa. Akaniita jikoni akaniambia, "Shemeji, nipe simu, najua unazo sauti zake za zamani." Nilikuwa nayo moja ya Krismasi ya mwaka juzi ambayo mama hajawahi kuisikia, Lucas alinitumia mimi peke yangu, mwanzoni ananiambia mambo yetu ya mke na mume, halafu ndipo anasimulia chakula. Nilimkatalia, akasema, "Basi akianguka pale mezani utabeba wewe." Nikampa. Akaipeleka mbele mpaka katikati akaiweka.

Lucas akaongea pale mezani. Akasema amewaokea Wafilipino nguruwe mzima, ngozi inavunjika kama kaukau, na wali wao wa zambarau unaopikwa kwenye mianzi, na Mreno mmoja amemtengenezea samaki wa chumvi na viazi, ukimwona utadhani ng'onda wa soko la Mgandini, na yule Muhabeshi anasema Krismasi yake bado, mpaka Januari, lakini ameshamwekea kuku wa pilipili na mayai. Halafu akasema, "Lakini vyote hivi havifiki kwa machalari ya mama. Mwambie mama mwakani nitakuwa hapo mezani, nitakula mpaka anifukuze."

Mama akacheka machozi yakamtoka, akachukua simu akaiweka mdomoni akamjibu mwanawe. Akamwambia mbavu zake zitawekwa kwenye friza ya Bi Kijakazi, asiwe na wasiwasi, na mke wake amekonda, arudi. Akanirudishia simu niitume. Nikaituma, ikaonyesha ile alama moja tu, ya kwamba imetoka huku lakini kule haikupokelewa. Mama akauliza, "Imefika?" Nikasema, "Imefika, mama."

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya, kumbe ndipo ulipoanza. Baada ya siku chache mama akaanza kuniuliza Lucas amejibu nini, nikawa nasema mtandao, nikawa nasema wako mbali, na yeye anazidi kuwaza, akaniambia, "Mwaka ule alisema mwakani. Sasa tena anasema mwakani. Mimi nimeanguka nusu nife, hajauliza hali yangu hata mara moja, anahesabu wali wa Wafilipino." Akamwambia Bi Kijakazi atoe zile mbavu awapikie wajukuu zake, mwenyewe haji. Ananiambia mimi kwamba Lucas amepata mwanamke huko, na kwamba nikitaka kurudi kwetu hatanilaumu, mwanawe ndiye hafai.

Na Jumapili hii iliyopita tulipotoka misa alikaa kitandani, akavua kilemba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kristina, uwe shahidi. Lucas akija akute nimekufa, asishike udongo wangu. Radhi yangu hana."

Nimemwambia Mathew, naye anasema ni hasira za mzee zitapita, tungoje Pasaka. Mimi nashindwa kulala, naogopa mama atakufa akiwa amemnyima radhi mtoto ambaye hana kosa, na nikisema naogopa nitamuua kwa mkono wangu, na mume wangu hata wa kumtetea hana kwa sababu mimi mke wake ndiye niliyesema imefika. Nifanye nini, Mama Chiku?

Kristina, Makorora

*

Kristina, pole kwa msiba. Naanza hapo kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo mtu amekuambia neno hilo waziwazi, sijapaona. Pole sana, mwanangu. Umefiwa na mume, ukalazimishwa kusuka nywele.

Nimekupa pole yako, sasa kaa vizuri nikugombeze. Mwezi wa tisa nakuelewa. Mgonjwa ametoka hospitali, mdomo umeenda upande, hakuna mwenye akili angemtupia habari ile siku ile. Kusubiri mgonjwa apate nafuu ni huruma. Lakini mgonjwa amepata nafuu! Anasimama, anaonja chumvi, anakwenda misa. Anayeumwa sasa ni Mathew, anaumwa woga, na wewe unamuuguza kwa kumpa sauti ya mumeo. Ile haikuwa ya kutolewa, na unajua haikuwa ya kutolewa, ndiyo maana ulikataa kwanza. Ungebaki pale pale.

Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyinyi mmeficha kifo chenyewe, sijui mnangoja kuumbuliwa na nini. Tena angalia mlichokifanya. Mlisema mnalinda moyo wa mama, na moyo huo sasa umejaa uchungu juu ya mtoto aliyekufa akiwa na hamu ya chakula chake. Bahari ilichukua mwili wa Lucas, jina lake jema mmelichukua nyinyi. Yeye hawezi kuamka aseme, "Mama, sikukusahau." Wa kumsemea ni wewe.

Unauliza kama ukweli utamuua. Mimi si daktari, sitakudanganya kwamba hautamuumiza. Utamuumiza sana. Lakini hasira anayokaa nayo asubuhi na jioni nayo ni presha, au unadhani presha inapanda kwa msiba tu? Nenda kwa daktari anayemwandikia dawa, bila yeye, umweleze yote, umuulize ni siku gani inafaa na nini kiwe tayari. Hilo ulifanye wiki hii. Usianze na Mathew, kwa sababu atakupa sikukuu nyingine ya kungoja.

Ukishapata neno la daktari, ndipo umwendee Mathew. Usimtukane. Yeye naye amefiwa na mdogo wake, na nadhani hajalia bado, ameficha kilio chake ndani ya kumlinda mama. Lakini usimwombe ruhusa. Mwambie, "Shemeji, siku fulani namwambia mama. Ukiwepo nitashukuru." Akija, vizuri. Asipokuja, endelea.

Fanya asubuhi, mama akishakunywa chai na dawa zake. Mwombe padre awepo, na Bi Kijakazi, kwa sababu mama atahitaji mwanamke wa rika lake wa kumshika, na muuguzi kama jumuiya yenu inaye. Wengine wakae nje, msimjazie chumba kama baraza la kesi. Na useme wewe, Kristina, kwa mdomo wako, kwa neno lenyewe. Usiseme "amesafiri," amesafiri vya kutosha. Usiseme "tunaendelea kumtafuta." Sema: mama, Lucas amefariki, meli ilizama mwezi wa tisa. Halafu siku hiyo hiyo, usiiache ilale, umwambie kwamba ile sauti ya Krismasi ilikuwa ya zamani na kwamba jibu lake halikufika. Najua hapo ndipo unapoogopa kuliko kote. Ukimficha hilo, ataendelea kuamini kwamba mwanawe alikuwa hai na akampuuza, na mtakuwa mmemzika Lucas bila kumsafisha.

Akikutukana, pokea. Akinyamaza, nyamaza naye. Usijieleze, usimlaumu Mathew mbele yake, maelezo yana siku yake.

Kisha tandikeni mikeka. Mwili haupo, lakini misa ipo na majirani wapo, waruhusuni watu waje na sukari yao. Na wewe uvae nguo nyeusi, ukae chini, uwe mfiwa. Hiyo siyo zawadi utakayopewa na Mathew, ni haki yako tangu mwezi wa tisa.

Kazi hiyo, mwanangu, iwe imekwisha kabla ya Jumapili ya pili kutoka leo. Mama ameapa mbele yako ukiwa shahidi. Usimwache alale na kiapo kile zaidi ya hapo.

Mama Chiku

*

Kwa wasomaji: jibu hili nilimsomea Kristina kwa simu kabla ya kulipeleka kuchapwa, kwa sababu halikuwa la kungoja gazeti. Haya aliyaandika baadaye, na kwa ruhusa yake nayaweka hapa kama yalivyo.

Mama Chiku, tumemwambia. Daktari alitaka kwanza apimwe na dawa ibadilishwe, tukafanya hivyo, na Mathew alikuja, nilidhani hatakuja lakini alikuja akiwa na shati la kanisani, akasimama mlangoni. Padre alisali, Bi Kijakazi akakaa kitandani karibu na mama, na mimi nikapiga magoti nikasema lile neno kama ulivyoniambia. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwezi wa tisa?" Nikasema ndiyo, mama. Nikamweleza na ile sauti, na jibu lake, na kwamba nilisema imefika na haikufika. Akamgeukia Mathew akamwambia, "Kwa hiyo niliyekuwa namtukana ni maiti." Mathew akakaa chini pale pale mlangoni, akafunika uso kwa mikono, na ndiyo mara ya kwanza nimemwona shemeji yangu analia.

Halafu mama alimwita padre asogee, akamwomba ayasikie maneno yake, akasema, "Lucas mwanangu, nilichosema nimekifuta. Radhi zangu zote unazo." Alirudia mara kadhaa, kama mtu anayehofia kwamba hasikiki vizuri. Mchana presha ilipanda tukampeleka hospitali akalazwa, nikadhani Mungu ananiadhibu, lakini alirudi, amedhoofika na bado hajapata usingizi mzuri. Mathew hajasamehewa. Shikamoo yake mama anaiitikia, lakini chakula anacholeta hagusi, na mimi sijui hilo litaisha lini, namwachia Mungu.

Tulitandika mikeka. Watu walikuja wengi, hata wa Maramba walikuja, Mzee Uweso aliwapokea wanaume kana kwamba nyumba ni yake. Mimi nilikuwa nazunguka na birika nagawa chai, nimeshazoea kutokaa. Mama akaniita mbele ya watu, akapiga mkeka kwa ule mkono wake mzima, akasema, "Njoo ukae hapa." Nikakaa. Akaniuliza taratibu, "Tangu mwezi wa tisa, wewe ulikuwa unalia wapi?"

Nikamwambia, "Sikulia, mama. Nilikatazwa."

Akanivuta kichwa akakilaza mapajani kwake. Akasema, "Haya, lia sasa, mwanangu. Mimi nimekushika."